Glock 19 na CZ P-10 C mkononi: jibu kwa mfanyabiashara wa Masasi

Swali: "Shikamoo mzee. Niko Masasi, nanunua ufuta na mbaazi vijijini. Maombi yangu ya kumiliki bastola yamepita, nimebaki na uamuzi mmoja. Muuzaji wa Dar es Salaam amenipa nishike Glock 19 ya toleo la tano na CZ P-10 C. Zote za milimita 9, zote zinabeba risasi 15, ukubwa ule ule, bei zimeachana kidogo tu. Mume wangu anasema hizo ni pacha, nichukue ya bei nafuu. Mimi nikizishika naona si sawa, ila nashindwa kueleza. Mikono yangu ni midogo, na maisha yangu yote nimepiga kama risasi mia hivi, za mafunzo. Ipi ni rahisi kupiga nayo?"

Marahaba, mwanangu. Mume wako amesoma karatasi, na kwa karatasi yuko sahihi. Glock 19 ilitoka mwaka 1988 kama mdogo wa Glock 17, ile iliyoanza na jeshi la Austria mwaka 1982. CZ P-10 C inatengenezwa Uherský Brod, Jamhuri ya Cheki, iliingia sokoni mwaka 2017, na ukiitazama tu unajua ilitengenezwa kumfukuzia nani. Mtutu wa kila moja ni milimita 102. Kiunzi cha plastiki, juu yake slaidi, yaani kile kifuniko cha chuma kinachorudi nyuma risasi ikitoka, pini ya kupigia imefichwa ndani, hakuna nyundo inayoonekana nyuma. Triga zote zina kile kiulimi cha katikati, na hakuna hata moja yenye kitufe cha kufunga usalama kwa kidole. Ukiziweka kwenye mizani na magazini (kile kibebeo cha risasi kwenye kitako) tupu, Glock inacheza kwenye gramu 680 na CZ kwenye 740. Tofauti ni gramu 60, yaani uzito wa risasi tano.

Lakini wewe hukushika karatasi. Mkono wako umekuambia kitu nao ulikuwa sahihi, tatizo ni kwamba hukupewa maneno. Ngoja nikupe.

Nenda Mtwara mjini ukamkute fundi wa vinyago anachonga mpingo. Ana tezo mbili, vyuma vyake huwezi kuvitofautisha. Mwambie akuazime moja, ataitoa moja na nyingine ataishikilia. Ukimuuliza kwa nini, hatakuambia habari ya chuma. Atakuonyesha mpini, jinsi ulivyoinama. Bastola ni hivyo hivyo, mambo mengi yako kwenye kitako na mwinamo wake. Kitako cha Glock kimelala nyuma kidogo kuliko cha CZ. Ni digrii chache, kwenye picha huzioni, lakini kifundo cha mkono kinaziona mara moja.

Mimi nilifundishwa kwa bastola za zamani za chuma kitupu, zile zenye kitako kilichosimama. Miaka mingi baadaye nikashika Glock kwa mara ya kwanza, nikainua kama nilivyozoea, alama ya kulengea ya mbele ikawa imenyanyuka juu ya mwanya wa alama ya nyuma kama mnazi juu ya paa. Ikabidi niinamishe kifundo kila mara. Niliilaumu bastola karibu mwaka mzima. Halafu nikaja kufundisha kijana ambaye hajawahi kushika kitu kingine zaidi ya Glock, nikampa bastola yangu ya zamani, naye akawa anaelekeza chini, karibu na vidole vya miguu ya shabaha! Hapo ndipo nilipoacha kusema bastola fulani "inalenga vibaya".

Wewe una risasi mia tu maishani, kwa hiyo kifundo chako bado hakijaharibiwa na mazoea. Ni shahidi mzuri, kitumie. Ukirudi kwa muuzaji, mwombe aondoe magazini mbele yako, avute slaidi nyuma, nawe uangalie chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, kwa macho na uiguse kwa kidole kidogo. Kisha elekeza upande ambao atakuambia ni salama. Chagua nukta moja ukutani, itazame, fumba macho, inua bastola kwa mikono miwili mpaka mbele ya uso, fumbua. Usisahihishe chochote. Angalia tu alama ya mbele imekaa wapi ndani ya mwanya wa nyuma: juu, chini, kushoto, au imetulia sawa. Rudia mara kumi kwa kila bastola. Ile ambayo inakuja imetulia mara saba au nane bila kuombwa, hiyo umezaliwa nayo nusu.

Sasa mikono midogo. Hapa watu wengi wanakosea, wanafikiri mkono mdogo unataka bastola ndogo. Unachopima ni umbali kutoka lile bonde kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka kwenye uso wa triga. Bonde likae juu kabisa, katikati ya mgongo wa kitako, mtutu ukifuata mstari wa mfupa wa mkono wako. Ukisha kaa hivyo, nyama ya pingili ya kwanza ya kidole iifikie triga bila kunyoosha kama anayechungulia. Ukilazimika kukizungusha kitako ili kidole kifike, basi risasi ikitoka teke linaangukia kwenye kifundo cha kidole gumba, na baada ya risasi thelathini utaichukia kazi yenyewe.

Kwa Glock ya toleo la tano, mwambie muuzaji akuonyeshe bila kile kipande cha nyuma cha kuongezea, maana ikiwa tupu ndiyo ndogo kuliko zote. CZ inakuja na vipande vitatu vya mgongo, aweke kidogo kabisa. Usikubali kujaribu ile iliyofungwa kipande cha kati kwa sababu "ndivyo ilivyotoka kwenye boksi". Huko utakuwa unajaribu mkono wa mtu mwingine.

Ukishamaliza hilo, bado utasikia tofauti. Kitako cha Glock ni cha pembepembe, kama tofali lililopigwa msasa. Cha CZ kimejaa kidogo kwenye kiganja na kimechimbwa zaidi chini ya kingio cha triga, kidole cha kati kinapanda juu. Pia mkia wake wa nyuma ni mrefu kidogo, mkono unapata mahali pa kujikita. Wenye viganja vya nyama huumwa na slaidi ya Glock ikirudi, inawachana pale kwenye bonde. Kwa mikono yako sidhani kama litakupata.

Nije kwenye triga, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naamini ndicho ulichokisikia ukashindwa kukisema.

Weka kidole kwenye triga ya Glock (tupu, umeshahakikisha mara mbili). Bonyeza taratibu. Kwanza inakuja bure, haina uzito. Kisha inafika mahali inagoma, lakini mgomo wenyewe ni laini, unabonyea kidogo kabla haujaachia, kama unabonyeza bibo ambalo halijaiva sawasawa. Hujui hasa ni sekunde gani litapasuka. Sasa chukua CZ. Inakuja bure vile vile, inafika ukutani, na ukuta ni ukuta. Unasimama pale, unaongeza kidogo, inakatika. Umewahi kuvunja bua kavu la mbaazi mwezi wa tisa? Ndiyo hiyo. Kwa mizani, Glock inataka kama kilo mbili na nusu, CZ kama kilo mbili. Ukiniuliza mimi, nusu kilo hiyo ni jambo dogo, na lile la kujua ukuta uko wapi ni jambo kubwa.

Kwa nini ni kubwa? Fikiria hesabu hii. Bastola yenye risasi zote ina uzito usiofika kilo moja. Kidole chako kinaivuta kwa nguvu ya kilo mbili na nusu. Maana yake nguvu ya kidole ni karibu mara tatu ya uzito wa kitu unachojitahidi kisitikisike. Kidole kikivuta pembeni hata chembe, au kiganja kizima kikikaza pamoja na kidole, mtutu unasogea kabla risasi haijatoka. Kwa mtu wa mkono wa kulia risasi zinaangukia chini kushoto. Nimeona karatasi nyingi za wanafunzi wa Glock, na ukiniletea ishirini bila majina, zenye rundo la matundu chini kushoto zitakuwa nyingi. Bastola haina kosa. Lakini triga yenye mwisho usiojulikana inamfanya mwanafunzi aanze kubahatisha, na akianza kubahatisha anaanza kuipiga kofi.

Baada ya risasi kutoka kuna jambo la pili. Usiachie kidole kiruke mbele mpaka mwisho. Kiachie taratibu mpaka usikie "ka", hapo triga imejipanga upya, unaweza kupiga tena. Kwenye bastola zote mbili safari hiyo ni fupi. Kwenye CZ inasikika zaidi kidoleni, na kwa anayejifunza hiyo ni kama kushikwa mkono.

Nikushushe kidogo hapo hapo. Hiyo triga nzuri ya CZ haina huruma kwa kidole kilichosahaulika ndani. Wala ya Glock haina. Kwa kuwa hakuna kitufe cha kufunga, usalama wako ni kidole kukaa nje, kimenyooka juu ya kiunzi, mpaka macho yawe yameshaona alama na nia imeshakubali. Na ala lazima iwe ngumu, ifunike triga yote. Nakuomba sana usiitumbukize kwenye mkoba pamoja na funguo, kalamu na kanga ya akiba. Kalamu ikiingia kwenye kingio cha triga haijui kama wewe ni mwenye leseni. Ukitaka mkoba, uwe na mfuko wake peke yake, wenye ala ndani.

Uliuliza ipi ni "rahisi kupiga nayo", na najua wengi wakisema hivyo wanamaanisha teke. Kwenye teke sitakudanganya, zimekaribiana mno. Risasi ni ile ile ya milimita 9 kwa 19, uzito wa bastola karibu ule ule, na zote zinafanya kazi kwa namna moja: mtutu na slaidi vinarudi pamoja kidogo, mtutu unainama, slaidi inaendelea peke yake, inatupa ganda na kuchukua risasi nyingine. Mkononi mwangu Glock inanyanyuka kwa haraka na kushuka kwa haraka, ina ukali. CZ inasukuma nyuma zaidi kuliko inavyoruka. Mwenzangu tuliyefundisha naye anasikia kinyume, na ana mikono mikubwa kama makasia.

Kitakachobadilisha teke kuliko jina la bastola ni boksi la risasi. Kuna za kichwa cha gramu saba na nusu na za gramu nane, na hata uzito ukiwa sawa baruti hutofautiana kiwanda na kiwanda. Mwaka mmoja nilijaribu bastola mbili asubuhi moja, nikatangaza kwa kujiamini kwamba moja ni kali. Jioni nikafagia maganda nikakuta zilipigwa risasi za viwanda viwili tofauti. Nilikuwa nimelinganisha risasi. Kwa hiyo siku yako ya majaribio, boksi moja, kiwanda kimoja.

Kifundo kiwe kigumu. Slaidi ikirudi inahitaji kiunzi kisimame. Kifundo kikilegea, kiunzi nacho kinarudi, slaidi haimalizi safari, ganda linabaki limesimama mlangoni kama mgeni asiyejua aingie au atoke. Bastola za plastiki ni nyepesi, zinalionyesha kosa hili haraka. Likikutokea kwenye moja na si kwenye nyingine, jaribu tena ukiwa umepumzika kabla hujaihukumu.

Jambo moja ambalo CZ itakupa tabu: slaidi yake ikiwa mpya ni ngumu kuvuta, na kile kitufe cha kuiachia ni kidogo na kigumu. Glock mpya nayo si siagi, ila ni afadhali. Usivute kwa vidole viwili kama unavuta zipu. Iweke bastola karibu na kifua, mtutu ukielekea mbele salama, funika slaidi kwa kiganja chote cha mkono wa kushoto nyuma ya tundu la kutokea maganda, kisha sukuma kitako mbele kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukishikilia. Unatumia mabega, vidole vinapumzika. Nimemwona mama wa umri wangu akiishinda springi iliyomtoa jasho kijana wa gym. Na kuiachia slaidi, vuta nyuma na uiache, sahau kile kitufe.

Hewa. Mimi niko Mikindani, msumari ukiuacha dirishani wiki mbili unaota kutu. Wewe Masasi chumvi haikufikii sana, lakini unashuka Mtwara na Lindi kwa minada, na jasho la safari linatosha. Slaidi za bastola zote mbili zimetiwa dawa inayostahimili kutu vizuri. Tofauti iko kwenye magazini. Ya Glock ni chuma kilichovikwa plastiki nje. Ya CZ ni chuma kitupu, imara na nyembamba, inaingia vizuri, ila mkono wenye jasho ukiipitia na ukaisahau, vidoa vya kahawia utaviona. Ipanguse kwa kitambaa chenye mafuta kidogo sana. Nasema kidogo sana kwa sababu vumbi jekundu la huko kwenu likikutana na mafuta mengi linakuwa msasa. Alama za kulengea za Glock ya kawaida ni za plastiki, za CZ ni za chuma. Ukiwa mtu wa kugongesha vitu kwenye mlango wa gari, hilo litakuhusu.

Na wakati wa kusafisha kumbuka kwamba zote mbili zinataka ubonyeze triga kabla slaidi haijatoka. Toa magazini kwanza, halafu angalia chemba. Ukibadilisha mpangilio huo, risasi iliyobaki ndani itatoka mezani.

Vipuri na ala: Glock inashinda, sina haja ya kueleza sana. Magazini ya Glock 17, ya risasi 17, inaingia kwenye 19 na kutokeza kidogo tu chini. Ala za Glock 19 ziko kila mahali panapouzwa ala. Ya P-10 C huenda ukaiagiza na kusubiri.

Kwa hiyo msimamo wangu. Kwa mtu aliyepiga risasi mia, mwenye mkono mdogo, asiye na mazoea ya kuvunja, naegemea CZ, na sababu yangu ni triga na kile kitako. Lakini likitokea hivi: kwenye lile jaribio la kufumba macho Glock imekuja imetulia sawa na CZ au kuizidi, chukua Glock na usigeuke nyuma. Triga unaweza kukifundisha kidole kwa miezi mitatu. Kifundo kinachopigana na kitako kitapigana nacho miaka yote, hasa ukiwa umeshtuka. Mimi mwenyewe, kama unataka kujua, ninayomiliki ni Glock. Nimeizoea, na uzee unapenda mazoea.

Bei usiitazame sana kwa tofauti hiyo ndogo, maana leseni inafungwa na silaha yenyewe na namba yake, huwezi kuibadilisha kama kitenge kisichokupendeza. Na shemeji yetu mwambie kwa heshima kwamba kuchagua si zamu yake. Leseni ina jina lako, silaha haikopeshwi hata chumbani, na mkono wake si wako.

Kabla hujalipa, omba muuzaji akupangie siku ya kupiga kwenye kiwanja cha shabaha kilichoruhusiwa. Nenda na risasi hamsini. Mita saba, karatasi mbili, moja kila bastola, andika jina juu kabla hujaanza. Usimalize moja ndipo uchukue nyingine, kwa sababu ya pili itaukuta mkono umechoka. Piga tano za Glock, tano za CZ, hivyo hivyo kwa zamu mpaka ishirini na tano kila upande. Nyumbani wiki ya kabla yake huna silaha, kwa hiyo zoezi la triga ulifanye pale pale dukani: bastola tupu, muuzaji aweke sarafu ya shilingi mia juu ya slaidi nyuma ya alama ya mbele, nawe ubonyeze. Hesabu inaanguka mara ngapi kati ya kumi.

Karatasi zikishatobolewa zipige picha unitumie, pamoja na hesabu ya sarafu. Nitaangalia kwanza tano za mwisho za kila karatasi, kwa hiyo zizungushie kalamu.